Jiko la shaba la babu: kwa nini majiko ya zamani ya safari yanakataa kufa

Hapa kwetu Congo, ukitaja neno Primus, kila mtu anafikiria chupa ya bia. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana ingine kabla sijajua bia ni kitu gani. Lilikuwa jina la jiko dogo la shaba, lenye miguu mitatu na pampu ubavuni, linalokula petroli na kunguruma kama pikipiki iliyo mbali. Lilikuwa la babu. Yeye akamwachia mama, na mpaka leo lina miaka mingi kunishinda mimi niliyezaliwa mwishoni mwa utawala wa Mobutu.

Sikuwahi kulipenda. Kwa miaka mingi lilikaa juu ya kabati, limefungwa katika kipande cha kitenge, nasi tulipika kwa makala kwenye mbabula kama jirani zetu wote. Nilianza kuliheshimu mwezi wa Mei 2021.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kukumbushwa. Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22 Mei jioni, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi akatoa amri ya kuhamisha watu kutoka sehemu kubwa ya mji. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu, na sisi tulifuata barabara ya Sake pamoja na umati usio na mwisho. Mama alibeba beseni mbili, godoro, na lile jiko. Nilinung'unika njia nzima. Nilimwambia, mama, tunakimbia volkano na wewe unabeba chuma cha marehemu? Hakunijibu.

Usiku wa pili tulikuwa Minova, katika uwanja wa shule, chini ya mvua. Makala yaliyopatikana yalikuwa yamelowa na bei ilipanda kila saa. Wamama walipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Mama alifungua kitenge, akatoa kichupa cha alkoli ya farmasi na bidoni ndogo ya petroli, akainama dakika chache, na jiko likaanza kunguruma. Sufuria ya maji ikachemka kabla jirani yetu hajamaliza kupanga kuni zake. Kisha ikaja foleni: maji ya maziwa ya mtoto, uji wa mgonjwa, chai ya mzee fulani kutoka Mugunga ambaye hatukumfahamu. Ilikuwa hivyo mpaka petroli ilipokwisha.

Tuliporudi nyumbani nililisafisha kwa limau na majivu, nikaligeuza, na chini ya tangi nikaona maandishi yaliyochakaa. Kutoka Sweden. Hapo ndipo nilianza kutafuta habari zake, na nimekuta kwamba kuna watu katika nchi nyingi wanaoyatunza majiko haya kama sisi tunavyotunza picha za harusi za wazazi.

Fundi wa Stockholm

Hadithi inaanza mwaka 1892, mjini Stockholm. Fundi wa kiwanda aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la petroli lisilotoa masizi. Kabla yake majiko ya petroli yalitumia utambi, kama taa zetu za kibatari: moto wa njano, moshi, sufuria nyeusi. Lindqvist aliondoa utambi. Alichukua kanuni ambayo mafundi wa kuunganisha mabomba walikuwa wanaitumia tayari katika taa zao za moto mkali, kwamba petroli ikisukumwa kwa hewa na kupitishwa ndani ya bomba lililo moto, inageuka mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa unawaka bluu. Kampuni ya B. A. Hjorth ilichukua kazi ya kuyauza. Wakayaita Primus, neno la Kilatini lenye maana ya wa kwanza.

Kuliwasha si kama kugeuza kifungo. Unamimina alkoli kidogo katika kikombe kidogo kilicho chini ya kichwa cha jiko, unaiwasha, unangoja kichwa kipate moto. Alkoli inapokaribia kwisha unafunga kiskurubu cha hewa na kupiga pampu mara chache. Petroli inapanda kwenye bomba la katikati, inaingia katika kichwa kilicho moto, inageuka mvuke, inatoka kwa nguvu kupitia tundu dogo sana, na sauti inaanza. Kuanzia hapo jiko linajipasha lenyewe, kwa sababu moto unaopika chakula ndio huo huo unaochemsha petroli inayofuata. Ukitaka kulizima, unafungua kiskurubu, hewa inatoka, moto unakufa. Hakuna kingine. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuelewa, ingawa mama hakuturuhusu kuligusa mpaka tulipofika sekondari.

Tangi ni la shaba ya njano, ule mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shaba haipati kutu kama bati. Sisi tunaoijua shaba kiasi cha kuipa Katanga jina hilo, kuanzia 1971 mpaka 1997, hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo. Lakini nadhani siri kubwa ya jiko hili iko mahali pengine: kila sehemu inayochakaa imefungwa kwa skrubu, na kila sehemu inaweza kubadilishwa. Kichwa, tundu la mvuke, pampu, kifuniko, ngozi ya pampu. Viwanda vingi katika nchi nyingi vilinakili muundo huo, kwa hiyo mara nyingi kipuri cha jiko moja kinaingia katika jiko lililotengenezwa miaka arobaini baadaye na kiwanda kingine. Jaribu kufanya hivyo na simu yako.

Ngozi ya pampu ndiyo inayochoka kwanza. Ni kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe kidogo, kinachokaa mwisho wa fimbo ya pampu na kusukuma hewa. Jiko likikaa muda mrefu, ngozi inakauka na kusinyaa, na unapiga pampu bila kupata kitu. Watu wengi wakifika hapo wanafikiri jiko limekufa. Mama anatia tone mbili za mafuta ya cherehani, anangoja usiku mmoja, na asubuhi pampu inashika. Mwaka 2022 ngozi ilipasuka kabisa. Tuliipeleka kwa fundi viatu wa Birere, akaitazama, akakata ngingine kutoka ulimi wa kiatu cha zamani cha jeshi, akailoweka, akaikandamiza kwenye kifuniko cha chupa ili ipate umbo. Ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Kwenye barafu

Majiko haya yalijulikana duniani kwa sababu ya watu waliokwenda mahali ambapo bila moto mtu hanywi maji. Kwenye barafu kuna maji kila upande, lakini yote ni mawe. Bila kuyayeyusha unakufa kwa kiu.

Mnamo Julai 1897, Waswedi watatu wakiongozwa na S. A. Andrée waliondoka visiwa vya Svalbard kwa baluni, wakitaka kuipita ncha ya kaskazini ya dunia. Baluni ilianguka kwenye barafu siku tatu baadaye. Walitembea kwa miezi, wakafika kisiwa cha Kvitøya, na wakafia huko. Hakuna aliyejua walikoishia mpaka Agosti 1930, meli ya Wanorwe ilipokuta kambi yao. Kati ya vitu vyao kulikuwa jiko la Primus. Lilikuwa limekaa miaka 33 katika theluji, na lilipojaribiwa likawa bado linafanya kazi.

Roald Amundsen naye alikuwa na Primus alipofika ncha ya kusini tarehe 14 Desemba 1911. Mshindani wake Mwingereza, Robert Scott, alitumia majiko ya aina hiyo hiyo, lakini alipata shida kwingine. Madumu ya petroli ambayo wenzake walikuwa wameyaacha njiani yalikuwa yamefungwa kwa vizibo vyenye pete za ngozi, na baridi iliziharibu. Scott na watu wake waliporudi kutoka nchani walikuta madumu yamepungua. Amundsen alikuwa ameziba madumu yake kwa risasi iliyoyeyushwa. Scott na wenzake wanne hawakurudi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini upungufu wa petroli ulikuwa mmoja wao. Kila ninapomwona mama akikaza kizibo cha bidoni yake mara mbili, nakumbuka habari hiyo.

Ila habari inayonigusa zaidi ni ya Everest. Mwezi wa Mei 1952, Mswisi Raymond Lambert na Tenzing Norgay walilala karibu na mita 8400 bila mifuko ya kulalia na bila jiko. Waliyeyusha barafu kidogo juu ya mshumaa. Asubuhi walipanda mpaka karibu mita 8600, kisha wakashindwa kuendelea. Daktari wa Waingereza, Griffith Pugh, alikuwa anachunguza mambo hayo wakati huo, na moja ya majibu yake lilikuwa jepesi: watu wa milimani wanadhoofika kwa kukosa maji, na maji huko yanatoka kwenye jiko. Mwaka uliofuata Waingereza wakapanda na majiko bora zaidi. Usiku wa mwisho, Tenzing yule yule, safari hii akiwa na Edmund Hillary, alikunywa vikombe kwa vikombe vya maji ya limau yenye sukari. Asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953 viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda kama jiwe, naye akavipasha kwenye jiko karibu saa mbili nzima ndipo vikaingia miguuni. Saa tano na nusu mchana walikuwa juu kabisa.

Tenzing alijaribu mlima ule ule miaka miwili mfululizo, mwaka mmoja kwa mshumaa, mwaka mwingine kwa jiko. Kulikuwa pia na hewa ya chupa iliyofanya kazi vizuri zaidi mara ya pili, nisidanganye wasomaji. Lakini mshumaa ule haunitoki kichwani.

Kwetu hatuna Everest, tuna Nyiragongo yenye mita 3470. Huko juu maji yanachemka kabla ya kufika digrii 90, kwa hiyo mtu anayejaribu kupika maharagi kileleni atalala njaa, awe na jiko la Sweden au la. Chai inatosha.

Ndugu zake wadogo

Primus ilikuwa na ndugu. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliomba kampuni ya Coleman, ya Wichita katika jimbo la Kansas, itengeneze jiko dogo la askari, jepesi, linaloweza kutumia mafuta ya aina mbalimbali na kuvumilia baridi na joto. Mwandishi wa habari Ernie Pyle, aliyekuwa pamoja na askari kwenye mstari wa mbele, aliliweka pamoja na gari la jeep kati ya vifaa vya maana kuliko vyote vya vita ile, ukiacha silaha. Kwa mwandishi wa habari kusifu jiko kuliko jenerali, lazima alikuwa amelala njaa siku kadhaa.

Kisha mwaka 1955 Waswedi walitoa Svea 123, jiko la shaba lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga na uzito wa karibu nusu kilo. Halina hata pampu. Unalipasha kidogo, joto linasukuma mafuta ndani ya tangi, na linaendelea lenyewe. Kifuniko chake ndicho kisufuria chake. Hilo halitumii petroli yetu ya taa, linatumia esansi iliyosafishwa vizuri, na ndilo ambalo watembezi wengi wa milima wa Ulaya na Marekani walianza nalo. Wapo waliolinunua wakiwa vijana na leo wanalipikia wajukuu kahawa.

Kuna pia Trangia, la Sweden vile vile, ambalo muundo wake ulitoka mwaka 1951 na bado unauzwa. Hilo ni kikombe cha shaba cha alkoli, kinga ya upepo na sufuria. Halina kitu kinachozunguka wala kusukuma, na sijui mtu anaweza kuliharibu namna gani, labda alikanyage kwa lori.

Viwanda vyenyewe vilibadilika. Mwaka 1962 kitengo cha majiko ya petroli cha Primus kiliuzwa kwa Optimus, mshindani wake wa siku nyingi. Baadaye chupa za gesi zikashika soko. Kichwa cha jiko la gesi la siku hizi kinaweza kuwa na uzito usiofika gramu 100, kinawaka kwa kiberiti tu, bila alkoli na bila kelele. Mtu anayepanda mlima akihesabu kila gramu atachagua hilo, na ana haki. Sikuandika habari hii kusema kwamba wazee walijua kila kitu.

Lakini chupa ile ya gesi ikiisha unaitupa, na katika mji ambao duka la gesi hiyo halipo, jiko lako ni pambo. Petroli ya taa, kinyume chake, ilifika mpaka vijiji ambavyo barabara haikufika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua jiko jipya la petroli sokoni, la bati jembamba lililopakwa rangi ya kung'aa. Mwezi wa tatu tangi lilianza kuvuja kwenye kiungo. Nikamrudia muuzaji. Akaniambia ninunue lingine, ni rahisi. Ndivyo ilivyo, ni rahisi, na ukinunua matatu kwa mwaka umeshalipa jiko zuri.

Watu wa Goma wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mtazame mwenye chukudu. Anachagua mti mgumu, anatengenezesha kwa fundi anayemfahamu, anafunga mpira wa gurudumu la gari kwenye matairi, na kila kinachovunjika anakibadilisha kandokando ya barabara. Hajali kama kimetoka kiwandani. Anajali kama kitabeba mzigo wa viazi kutoka Kibumba kesho na keshokutwa.

Kwa kilo

Hatari ya majiko haya leo si uzee. Ni mizani. Wanunuzi wa vyuma vya zamani wanapita katika mitaa yetu wakiita, na shaba ndiyo wanayoitaka kuliko bati. Kwao tangi la Primus ni gramu mia kadhaa za shaba tu. Kijana anayekuta kitu kama hicho juu ya kabati la marehemu babu yake, kimejaa vumbi, pampu haishiki, anakitoa kwa franga chache na kuona amefanya biashara. Wakati huo huo, Ulaya, wapo wanaotafuta jiko hilo hilo. Wanalipindua kuangalia herufi iliyopigwa chini ya tangi, maana Primus ilianza mwaka 1911 kupiga herufi ya mwaka wa kutengenezwa, ikianzia A, na wanalipa pesa ambayo mnunuzi wa vyuma hataitaja kamwe. Mama alikaribia kuliuza letu mwaka 2019, kaka yangu alipohitaji pesa ya masomo. Mnunuzi alikuwa ameshalitia kwenye mzani. Mama akaona kiasi alichoambiwa, akalitoa.

Ukiwa nalo moja nyumbani na ukataka kulifufua, yako mambo ambayo mama harudii mara mbili. Usijaze tangi mpaka juu, acha nafasi ya hewa, robo hivi. Usifungue kizibo wakati moto unawaka. Jiko la petroli usilitie esansi hata kidogo, na ujihadhari na petroli ya njiani, kwa sababu wapo wauzaji wanaochanganya. Mchanganyiko huo ndio unaounguza nyumba na nyuso za wamama. Nusa kabla ya kumimina. Na usiliwashe katika chumba kilichofungwa kisha ukalala. Moto wa petroli, kama wa makala, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kila msimu wa mvua tunasikia habari za familia iliyoingiza mbabula chumbani ili ipate joto.

Sidhani kama Primus itarudi kupika bugali na sombe ya kila siku Goma. Petroli ni ghali kwa sufuria ya maharagi ya saa tatu, na wale wenye uwezo wameanza kutumia gesi ya mtungi na umeme. Waliobaki wako kwenye makala, ambayo kwa sehemu kubwa yametoka misitu ya Virunga kwa muda mrefu, na hiyo ni habari ingine kabisa. Jiko la babu ni la usiku wa mvua, la safari, la siku ambayo mambo yameharibika.

Mwezi uliopita nilimwomba mama aniachie, kwa kuwa ninasafiri sana kwa ajili ya kazi. Akafikiri. Akasema nilete kwanza yale mafuta ya cherehani, kichupa kimekwisha, na nikipita Birere nimsalimie yule fundi viatu nimwulize kama anaweza kukata ngozi mbili zaidi za akiba. Fundi alikata tatu. Mama akachukua mbili, akanipa moja, na jiko likarudi juu ya kabati.